Maswali ya Wasomaji: Mchanga Mweusi wa Mambrui na Madini Yanayovutwa na Sumaku

Mwezi huu tumepokea barua tatu kutoka pwani ya kaskazini, mbili za Malindi na moja ya Lamu, na zote, pasipo waandishi wake kujuana, zinauliza habari za madini yale yale. Nimeziweka pamoja kwa sababu hiyo, na wasomaji wataona kuwa jibu la kila moja linaiegemea ile iliyotangulia.

Assalam alaykum, Mwalimu. Mimi ni mvuvi wa Mambrui. Kila mto unapofurika kisha maji yakapungua, ufuo wetu hubaki na michirizi ya mchanga mweusi juu ya ule wa kawaida. Mwanangu alichomoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, akaiburuta juu ya michirizi hiyo, nayo ikarudi imeota ndevu nyeusi. Wapo wanaosema huo ni unga wa chuma cha meli zilizozama. Je, ni kweli? Na kama si kweli, chuma hicho kimetoka wapi ilhali kwetu hapa hakuna mlima wala jiwe jeusi?

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Mpongeze mwanao, kwani alichokifanya kwa sumaku ya spika ndicho wanajiolojia hukifanya wanapofika kwenye ufuo wowote mpya.

Si meli. Chuma cha meli kikikaa majini hugeuka kutu, na kutu ya kawaida, ile nyekundu, hairukii sumaku namna hiyo. Zile ndevu nyeusi ni punje za magnetiti, madini yaliyoumbwa na chuma pamoja na oksijeni, atomi tatu za chuma kwa nne za oksijeni, kiasi kwamba ukipima uzito wake utakuta zaidi ya asilimia 72 ni chuma kitupu. Ni miongoni mwa madini machache sana duniani yanayovutwa na sumaku kwa nguvu inayoonekana kwa macho.

Kuhusu yalikotoka, ulisema kweli kwamba Mambrui haina mlima, lakini ina mto, na mto huo umepita kwenye milima na mawe meusi kabla haujafika kwenu. Sabaki ni jina la mwisho la maji yanayoanza safari yakiitwa Athi katika nyanda za juu karibu na Nairobi, ambako ardhi imefunikwa na miamba iliyomwagwa na volkeno. Mto huo huambaa na uwanda wa Yatta, ambao ni lava iliyoganda ikajinyoosha kwa takriban kilomita 300, kisha hukutana na mto Tsavo uletao maji ya upande wa Kilimanjaro, ukaitwa Galana, na kutoka hapo hukatiza katikati ya miamba mikongwe ya Tsavo iliyopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Katika miamba yote hiyo mna punje ndogo za magnetiti. Jua na mvua huimomonyoa, mto huzibeba punje pamoja na tope na mchanga, na zote humwagwa baharini kati ya mji wa Malindi na Mambrui. Nyinyi wavuvi mnaijua tabia ya maji hayo mekundu kuliko sisi tunaoandika: wakati wa kusi huelekea kwenu kaskazini, na wakati wa kaskazi hugeuka yakaifuata ghuba ya Malindi.

Limebaki jambo la michirizi yenyewe, yaani kwa nini punje zilizotapakaa katika mchanga wote zikusanyike mahali pamoja. Hapa bahari hufanya kazi ya mwanamke mwenye ungo. Anapopeta mchele, kilicho chepesi hutangulia kutoka na kilicho kizito hubaki. Wimbi linalopanda ufuoni lina nguvu ya kubeba punje zote, lakini linaporudi huwa limepungua nguvu, kwa hiyo hurudi na zile nyepesi na kuziacha nzito. Punje ya kwatsi, ambayo ndiyo mchanga mweupe wa kawaida, ina uzito wa takriban gramu 2.65 kwa kila sentimita ya ujazo, na ya magnetiti ina gramu 5.2, karibu mara mbili. Mawimbi makali ya siku chache hutosha kuacha mstari mweusi unaoonekana kutoka mbali. Vile vimulimuli vya dhahabu ambavyo wageni huja kuvipiga picha katika ufuo wenu ni jambo jingine: huo ni ulanga, nao haung'ang'anii sumaku ya spika.

Nakuomba usidhani kwamba kila punje nyeusi ni magnetiti. Mwambie mwanao aifunge sumaku kwa karatasi kabla ya kuiburuta, ili akiivuta sumaku kutoka ndani ya karatasi punje zidondoke zenyewe, kisha autazame mchanga mweusi uliokataa kupanda. Sehemu kubwa ya huo huwa ni ilmeniti, madini ya chuma na titaniamu, ambayo huvutwa kwa unyonge na huhitaji sumaku yenye nguvu zaidi. Ilmeniti, pamoja na rutili na zirikoni, ndiyo iliyochimbwa kule Kwale hadi kazi hiyo iliposimama Desemba 2024. Magnetiti haikuwa shabaha yao. Kwa hiyo akija mtu na maneno matamu ya kununua magunia ya ndevu za sumaku, msimuuzie ufuo wenu. Kuchimba mchanga wa madini kunahitaji kibali cha sheria, na kasa hutaga katika fuo hizi.

Niongeze neno moja kwa kuwa linaihusu Malindi. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyekamilisha kazi yake mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi walimiliki machimbo ya chuma, na kwamba chuma ndicho kilichowapa faida kubwa kuliko bidhaa nyingine. Mchanga mweusi wenye magnetiti unaweza kuyeyushwa ukatoa chuma kizuri. Wajapani walifanya hivyo kwa karne nyingi katika matanuri ya udongo na makaa, na panga zao mashuhuri zilitokana na chuma hicho. Mtu wa Mambrui anapouona mchanga huu nyayoni mwake anayo haki ya kuutazama kwa heshima.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Nne mjini Malindi. Darasani tulifundishwa kwamba magnetiti hupatikana katika miamba ya moto. Kitabu kimoja cha maktaba kinaitaja chini ya miamba geu, na mjomba wangu amenionyesha mchanga wenye magnetiti ufuoni, ambao ni mashapo. Niandike jibu gani katika mtihani?

Marahaba, mwanangu. Andika kwamba hupatikana katika aina zote tatu, kisha ueleze ni kwa njia gani, maana mwalimu wako na kitabu hicho kila mmoja ameshika upande wa kweli.

Chuma kipo karibu katika kila mwamba. Kinachoamua kama kitakuwa magnetiti ni kiasi cha oksijeni kinachokizunguka. Oksijeni ikiwa haba mno, chuma hubaki kimefungwa ndani ya madini mengine. Ikiwa tele, hugeuka hematiti, ndugu yake mwekundu, na rangi nyekundu unayoiona katika kuta za bonde la Marafa ni ya chuma kilichoshiba oksijeni kwa namna hiyo. Magnetiti huzaliwa katikati ya hali hizo mbili, na hali ya katikati inaweza kutokea ndani ya volkeno, chini ya mlima unaokandamizwa, au katika tope la chini ya bahari. Ukilishika jambo hili hutahitaji kukariri orodha yoyote.

Katika miamba ya moto, magnetiti hujitenga pale uji wa mawe unapopoa. Basalti, jiwe la giza litokanalo na lava iliyopoa, huwa nayo kwa asilimia chache tu, katika punje ndogo mno, lakini zinatosha kuipa rangi ya giza na kuifanya ivute sindano ya dira kidogo. Uji huo ukipoa polepole sana chini ya ardhi, punje nzito za magnetiti huweza kukusanyika zikafanya matabaka. Afrika Kusini, katika miamba ya Bushveld yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, lipo tabaka lenye unene wa takriban mita 2 ambalo karibu lote ni magnetiti, na ndani yake hupatikana vanadiamu inayotumika kuimarisha chuma cha pua na vyuma vya ujenzi.

Punje hizo za basalti zina sifa nyingine ambayo binafsi huiona kuwa ya ajabu kuliko zote. Magnetiti yenye joto la kupita nyuzi 580 za Selsiasi haina usumaku wa kudumu. Lava inapopoa na kushuka chini ya joto hilo, kila punje hushika mwelekeo wa usumaku wa dunia wa siku ile na kuuhifadhi. Kwa kusoma punje hizo ilijulikana kwamba kaskazini na kusini za usumaku wa dunia zimewahi kubadilishana mahali mara nyingi, na mara ya mwisho ilikuwa takriban miaka 780,000 iliyopita. Mwaka 1963 Fred Vine na Drummond Matthews walieleza kwamba sakafu ya bahari ina mistari ya basalti yenye mielekeo inayopishana, kila mstari ukiwa umeganda katika zama zake, na maelezo hayo yakawa miongoni mwa hoja zenye nguvu zaidi za kuthibitisha kwamba mabara husogea.

Katika miamba geu, yaani ile iliyobadilishwa na joto au mkandamizo, njia ni kadhaa. Uji wa moto ukipenya kwenye mwamba wa chokaa, maji moto yaliyojaa chuma hupita nyufani na kuacha magnetiti kwenye mpaka wa miamba hiyo miwili. Tena, maji yakiingia katika mawe yenye kwa wingi olivini, madini ambayo ndani yake mna chuma, jiwe hugeuka kijani na laini, na chuma kinachoachiliwa hujiunga na oksijeni ya maji kikawa magnetiti, huku hidrojeni ikitoka. Hata mashapo ya kawaida yenye chuma, yakifukiwa na kupikwa vya kutosha, huota fuwele za magnetiti zenye pande nane ambazo nyakati nyingine huonekana bila kioo cha kukuzia.

Katika mashapo ziko sura mbili ambazo hazifanani. Ya kwanza ni ile ya mjomba wako, punje zilizozaliwa kwingine zikaletwa na mto. Ya pili ni miamba ya kale yenye mistari ya chuma, ambayo mingi yake ilitandikwa baharini takriban miaka bilioni 2.5 iliyopita, wakati oksijeni ilipokuwa bado haba majini. Magnetiti iliyomo humo ilikomaa baadaye, tope lile lilipofukiwa na kugeuka jiwe. Hata viumbe hai huitengeneza: mwaka 1975 Richard Blakemore alitangaza kuwepo kwa bakteria wa matopeni wanaojijengea punje za magnetiti mwilini, zilizopangwa kama ushanga, na kuzitumia kujielekeza. Wakifa, punje zao hubaki katika tope.

Ukipewa jiwe jeusi zito katika chumba cha maabara, lisugue upande wa nyuma wa kigae usiong'aa. Magnetiti huacha alama nyeusi, na hematiti, hata ikiwa nyeusi kwa nje, huacha alama ya rangi ya damu iliyokauka.

Salaam, Mwalimu. Mimi ni nahodha wa jahazi, Lamu. Nikikaribia mahali fulani dira yangu hupotoka. Je, yaweza kuwa kuna jiwe la sumaku chini ya maji?

Salaam, nahodha. Miamba yenye magnetiti nyingi inaweza kweli kuipotosha dira. Eneo la Kursk nchini Urusi linajulikana kwa hilo, na chanzo chake ni ile miamba ya kale yenye mistari ya chuma niliyoitaja hapo juu. Lakini visiwa vyenu vimejengwa na matumbawe na mchanga, na matumbawe ni chokaa ya viumbe vya baharini isiyo na magnetiti ya kumsumbua nahodha. Michirizi ya mchanga mweusi nayo ni myembamba mno kufikia dira iliyo juu ya sitaha.

Kwa hiyo anza kutafuta ndani ya chombo. Angalia kama mahali hapo ndipo mnapoandaa nanga na mnyororo wake, au mnapowasha injini, au mtu anapoweka simu au redio kando ya dira, kwa kuwa spika ya redio ina sumaku na simu pia inayo. Viondoe vyote, upite tena mahali pale pale kwa mwendo ule ule, na uisome dira upya. Ikitulia, kirudishe kimoja baada ya kingine mpaka ukijue chenye kosa.