Mfamasia kamsimamishia mzee dawa za magoti, ni ubahili?

SWALI: Dokta shikamoo. Mie naishi Leicester, Uingereza, na mzee wangu, ana miaka 76, anameza naproxen za magoti muda mrefu na zinamsaidia. Juzi kapiga simu mfamasia wa kliniki ya GP wetu, yaani daktari wa familia, eti jina la mzee limetoka kwenye kompyuta, aache kwanza naproxen mpaka aonane na daktari, kisa zamani aliugua vidonda vya tumbo. Mzee kanuna, anasema wanabana matumizi tu. Kweli kompyuta inamjua kuliko daktari wake?
Binti wa Tanga

JIBU: Marahaba binti. Mwambie mzee atulie, hapo hakuna ubahili, na kompyuta haijaamua kitu, imemtaja tu. Inafanana sana na PINCER, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham wakiongozwa na profesa Tony Avery, ambaye mwenyewe ni GP. Programu inapekua mafaili ya wagonjwa kutafuta hatari, mfano mtu aliyewahi kuwa na vidonda anaandikiwa naproxen au ibuprofen bila dawa ya kulinda tumbo, au mwenye pumu anaandikiwa propranolol ya presha, halafu mfamasia anakaa na madaktari wanazirekebisha na kujiuliza ilipitaje pitaje. Huyo mfamasia ndo mwenye kazi yote, maana walijaribu kwenye kliniki 72, zingine zikapewa majibu ya kompyuta peke yake, zingine na mfamasia juu, na matokeo yaliyotoka kwenye jarida la Lancet 2012 yakaonyesha zenye mfamasia zilipunguza makosa zaidi. Orodha tupu watu wanaipokea wanaiweka pembeni, si unajua mambo ya ofisi.

Baadaye ikasambazwa East Midlands, huko huko kwenu, kliniki 370, na ripoti ya 2022 inasema uandikaji wa dawa wa hatari ulishuka asilimia 16.7 ndani ya miezi sita, na mwaka ulipoisha bado ulikuwa chini kwa 15.3. Mtu ataona kidogo, mie sioni hivyo, kwa sababu naproxen inatuliza maumivu kwa kuzuia kemikali zilezile zinazosaidia ukuta wa tumbo ujikinge na asidi, sasa kwa mzee wa 76 aliyeshawahi kuwa na kidonda damu inaweza kuvuja wala tumbo lisiume.

Kwa daktari ulizeni habari ya jeli ya kupaka magotini, na kama naproxen haikwepeki basi iende na dawa ya kulinda tumbo, omeprazole au mwenzake.

Ila kuna ambazo kompyuta ya GP haizioni kabisa, ibuprofen za supamaketi na zile Diclopa mnazoletewa kwenye begi kutoka nyumbani. Hizo ukoo mmoja na naproxen, na namjua mzee aliyenuna, anaweza akahamia huko kimya kimya. Siku ya miadi zibebeni zote, mpaka za mtishamba. Na akipata choo cheusi kama lami au akitapika damu msingoje miadi, pigeni 999, namba ya dharura.