Alama ya © nyuma ya bruchi ya Trifari

Je, bruchi ya Trifari, kampuni ya Marekani ya vito vya bandia, yenye alama ya © (hakimiliki) nyuma yake inaweza kuwa ya miaka ya 1930? Hapana, haiwezi. Trifari yenye © kando ya jina ni ya 1955 au baada ya hapo. Mwaka huo mahakama ya Marekani, katika kesi ya Trifari dhidi ya kampuni ya Charel, ilikubali kwamba vito vya bandia vinaweza kulindwa kwa hakimiliki kama kazi za sanaa. Kabla yake kinga ilikuwa hataza ya umbo tu (haki ya kisheria juu ya muundo), ndiyo maana vya zamani vimegongwa “Pat. Pend.” (ombi la hataza bado linasubiri) au namba ya hataza.

Ila usigeuze kanuni hii: kukosekana kwa © hakuthibitishi kuwa kipande ni cha kabla ya 1955, kwani chapa husagika au hufunikwa kikipakwa dhahabu upya. Ukikuta “Sterling” (chapa ya fedha halisi) chini ya rangi ya dhahabu, fikiria kwanza miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, bati lilipozuiwa kwa matumizi ya kijeshi na watengenezaji wakahamia fedha. Soma chapa kwa lenzi ya x10, taa ukiilaza ubavuni. Na usiioshe bruchi kwa maji! Yakipenya nyuma ya mawe, karatasi ya fedha inayoyang'arisha huwa nyeusi, na hapo jiwe limekufa.