Filimbi ya mtungi si ishara ya kugeuka: kwa wageni wa zimamoto ya kujitolea

Jamani, tumeshalisema sana hili. Mazoezi ya kuingia kwenye moshi yakianza tu, wageni wanarudia kosa lile lile la kungoja filimbi ya mtungi wa hewa wa mgongoni, ile inayoonya kuwa hewa inakaribia kwisha, ilie ndipo wageuke kutoka. Mmeacha familia na usingizi kuja kusaidia watu bila malipo, nasi tunataka mrudi nyumbani wazima.

1. Hewa. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa baa 300 (baa ni kipimo cha shinikizo la hewa) una takriban lita 2,000 za hewa. Ukiburuta mpira wa kuzimia moto wenye maji huku umeinama, lita 50 kwa dakika ni matumizi ya kawaida, kwa hiyo kwenye karatasi una dakika 40. Lakini filimbi huanza kulia zikibaki kama baa 55, yaani lita 370 hivi. Mtu aliyeshtuka akihema lita 80 kwa dakika, hizo hazimfikishi dakika tano. Njia iliyokula dakika kumi kuingia utaitokaje kwa tano, tena moshi umeshuka hadi magotini na mpira umejikunja kwenye kona?

Fanyeni hesabu mkiwa ndani. Someni geji (inayoonyesha shinikizo lililobaki mtungini) mlangoni, mpeni namba anayeshika ubao wa hewa, unaoandikwa hewa ya kila anayeingia, kisha msome tena mkifika mahali pa kazi. Mkianza na baa 290 mkafika na 210, njia imekula 80. Weka 80 ya kurudia, ongeza 60 ya akiba, jumla 140. Geji ikisoma 140, geukeni, hata kama chumba kimoja kimebaki. Inayofuatwa ni geji ya anayehema sana, si ya kiongozi. Na tafadhali, mwenye hewa ndogo aseme mapema. Kuna vijana wanaona aibu kutaja namba yao kwa sababu mwenzao bado ana 180. Aibu hiyo inawaponza wote wawili, maana hakuna anayetoka peke yake.

2. Mpira. Unyooshe wote kabla ya kuita maji. Nozeli, yaani mdomo wa mpira, ya lita 400 kwa dakika inamaliza tangi la lita 2,000 kwa dakika tano, basi wa pampu atafute chanzo kingine mara gari linaposimama.

3. Masizi. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Hata hivyo bado tunaona makoti yenye masizi yamerushwa kwenye viti vya nyuma vya magari ya nyumbani, wanapokaa watoto! Sugua koti kwa brashi na maji pale pale kwenye tukio, ukiwa bado umevaa barakoa, kisha lifunge kwenye mfuko libaki kituoni. Glavu na kitambaa cha kichwani hivyo hivyo.

4. Mitungi ijazwe usiku huo huo, kabla hamjatawanyika.