Ukitafiti uhalifu Zanzibar, lifuate jalada

Mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya uhalifu na haki huku Unguja au Pemba aghalabu huanza na takwimu za polisi, na hapo ndipo anapopotea. Takwimu zile zinahesabu yaliyoripotiwa, nayo yameshachujwa nyumbani, kwa wazee na kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji. Muhali, yaani kuoneana haya kwa sababu ya udugu na ujirani, peke yake unazima kesi nyingi za udhalilishaji kabla hazijafika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Wilaya yenye ripoti nyingi huenda ikawa ndiyo ambayo watu wake wamethubutu kusema.

Chagua kosa moja, na mwaka wa zamani kidogo ili kesi nyingi ziwe zimekwisha. Kisha lifuate kila jalada: kituoni, Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, mahakamani, Chuo cha Mafunzo (ndiyo magereza ya Zanzibar). Andika mstari mmoja kwa kila mshitakiwa, si kwa kila kesi, maana jalada moja laweza kuwa na watu watatu, mmoja ameachiwa na wawili wamefungwa. Andika tarehe ya ripoti, ya kukamatwa na ya kusomewa shitaka. Kama alipewa dhamana na kwa masharti gani. Kama alikuwa na wakili. Kesi iliahirishwa mara ngapi na kwa nini. Neno "imeondolewa" lisikutosheleze. Shahidi kutofika, upelelezi kutokamilika na familia kupatana ni mambo matatu mbalimbali, na kila moja lina dawa yake. Ukiyachanganya, utafiti wako hautamsaidia mtu.

Vibali navyo vichukue mapema. Mahakama ni ya Zanzibar lakini polisi ni wa Muungano, kwa hiyo ruhusa ya mahakama haikufungulii rejesta ya kituo. Majina ya waathirika usiyanakili kabisa, tumia namba. Kisiwani watu wanajuana, hata kijiji na umri vikiandikwa pamoja vinatosha kumtambulisha mtoto.

Sasa ukokotoaji. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 893,169 Mjini Magharibi na 195,873 Kusini Unguja. Tuseme kila mkoa una kesi 100 za wizi: kwa kila watu 100,000 utapata takriban 11 Mjini Magharibi na 51 Kusini. Usikimbilie kusema Kusini kuna wezi wengi. Paje na Jambiani, vijiji vya pwani vya mkoa huo, vinapokea watalii na wafanyakazi wa mahoteli ambao huenda hawamo katika idadi ile ya sensa, nao huibiwa na hushitakiwa kama wengine. Na kesi zikiwa chache, kama ilivyo mara nyingi Pemba, andika "3 kati ya 6", uachane na asilimia.

Wengi huazima kigezo cha rangi kutoka utafiti wa Marekani. Azima mbinu. Profesa wa sheria David Baldus na wenzake walichambua kesi za mauaji zaidi ya 2,000 za Georgia, wakaona kuwa rangi ya aliyeuawa ilikuwa na uzito mkubwa: walioshitakiwa kwa kuua Mzungu walikuwa na uwezekano (kwa hesabu ya "odds") mara 4.3 wa kuhukumiwa kifo kuliko walioshitakiwa kwa kuua Mtu Mweusi. Mahakama Kuu ya Marekani haikukubali kuwa takwimu hizo zinatosha kufuta hukumu ya kifo mwaka 1987, kwa kura 5 dhidi ya 4, lakini funzo kwa mtafiti limebaki: mwathirika naye awe na safu yake kwenye jedwali.

Vikundi vyenyewe usiviazime. Katika sensa za Waingereza za 1924 hadi 1948, waliojiita Waswahili hapa walishuka kutoka maelfu hadi mamia machache. Hawakufa, walijiita jina jingine. Sensa zetu za leo haziulizi kabila, kwa hiyo hata ukiliokota kabila kwenye jalada hutakuwa na idadi ya watu wake ya kugawanyia kesi zake. Pima yanayopimika: umbali wa shehia hadi mahakamani, kazi ya mshitakiwa, kama ana mdhamini, na kama mwathirika na mshitakiwa ni jamaa. Hili la mwisho huwa haliandikwi wazi. Lisome kwenye maelezo ya mashahidi, ukurasa kwa ukurasa.