Barua Niliyochelewa Kumpelekea Profesa Kezilahabi

Juzi kijana wa kidato cha sita kaniandikia: "Kaka, shairi langu limechekwa darasani kwa sababu halina vina. Niache?"

Mdogo wangu, mimi shairi langu kama hilo lilipewa sifuri. Mwalimu alilisoma mbele ya wenzangu, akapiga mstari mwekundu kutoka juu hadi chini, akaandika pembeni: "Hii ni insha iliyokatwakatwa." Miaka imepita, wino ule bado nauona. (Mwalimu, kama unasoma hapa: gazeti limeshanichapa mara tatu.)

Aliyenitibu ni mshairi Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, kupitia nakala ya diwani yake, Kichomi, isiyo na jalada niliyoikuta kwa muuza vitabu chakavu. Kitabu cha 1974! Mashairi hayana vina wala mizani, na wanamapokeo, yaani washairi wanaoshikilia kanuni za jadi, walimjia juu kwelikweli, kwamba hayo si mashairi. Hakujificha. Alijieleza kwenye utangulizi, akaendelea kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 1988 akatoa Karibu Ndani, mtindo uleule. Kwa hiyo usiache. Ila vina na mizani vijue kwanza, usivikimbie kwa uvivu. Soma. Andika. Soma tena.

La pili ndilo linaloniuma. Alipokuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Botswana nilimwandikia barua, kumshukuru tu. Niliiandika mara nne, na kila nikiisoma naona Kiswahili changu hakijafika hadhi ya kusomwa na profesa. Nikaikunja, nikaichomeka katikati ya Kichomi, nikijiambia nitaiandika vizuri zaidi nikitulia.

Januari 2020 nimo ndani ya daladala, simu ikaanza kutetemeka mfululizo. Poleni. Poleni. Profesa amefariki, tarehe 9. Nilipitiliza kituo changu na cha mbele yake.

Sasa wewe unayesoma hapa, unaye mwalimu aliyekufungua macho. Mwandikie leo, hata ujumbe wa simu wenye makosa. Hao wamesahihisha makosa maisha yao yote, la kwako halitawashtua. Usingoje uchapishwe. Usingoje shahada. Nakwambia tena, leo.

Barua yangu ninayo bado. Inaanza "Shikamoo Profesa". Mstari wa pili nimeandika "shukrani", nikakata, nikaandika "shukurani", nikakata tena.