Kwa mnaoanza kazi ya misingi ya mitambo ya upepo baharini

Kazi yangu ya kwanza ya kusimika nguzo majini ilikuwa kwenye gati dogo la Ziwa Viktoria, na nyundo tuliyoitumia ilisikika hadi vijiji vya juu kilimani. Siku ya tatu mzee mmoja wa mwaloni, pale mashua za wavuvi zinapotia nanga, alikuja kutuambia kwamba tangu tuanze kugonga, sangara wameihama ghuba ile. Nilimjibu kwa adabu lakini sikumsikiliza, kwa kuwa niliamini kwamba kelele zilizotuumiza masikio sisi tuliokuwa juu ndizo kelele zote zilizokuwapo. Miaka kadhaa baadaye, nilipoanza kufanya mahesabu ya misingi ya mitambo ya upepo kwa ajili ya miradi ya Ulaya nikiwa hapa hapa Kampala, nilitambua kwamba mzee yule alikuwa ameuliza swali la kihandisi. Ninyi mnaotoka vyuo vikuu vya Makerere na Kyambogo na kuingia katika kazi hii, msidhani kuwa nchi isiyo na bahari imewanyima kitu; udongo na maji mnavyo, na hivyo ndivyo vinavyoamua.

Mitambo mingi ya baharini husimama juu ya bomba moja nene la chuma, ambalo siku hizi kipenyo chake huweza kuzidi mita 8 na uzito wake kupita tani 1,000. Njia iliyozoeleka ni kulishusha kwa nyundo ya haidroliki, kwa mapigo yanayofikia maelfu. Kila pigo hukibana chuma kwa urefu na kukitanua kidogo kwa upana. Mtanuko huo hushuka ndani ya chuma kwa takriban mita 5,000 kwa sekunde, zaidi ya mara tatu ya kasi ya sauti majini, na kila unapopita huyasukuma maji pembeni. Kwa hiyo sauti inayomfikia pomboo haitoki kwenye kichwa cha nguzo tunakokuona tukigonga, bali hutoka kwenye ubavu wote wa bomba uliozama. Mkilielewa jambo hili moja, njia zote za kupunguza kelele zitawaeleweka.

Ujerumani imeweka kikomo cha desibeli 160 kwa nishati ya sauti ya pigo moja, ikipimwa mita 750 kutoka kwenye nguzo. Jihadharini na desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Za majini na za hewani hazina kipimo rejea kimoja, yaani hazihesabiwi kuanzia kiwango kilekile, kwa hiyo namba zake hazilinganishwi moja kwa moja. Niliwahi kuzilinganisha katika ripoti, na ripoti ikarudishwa kwa haki. Kumbukeni pia kwamba kushuka kwa desibeli 10 ni kubaki na sehemu moja ya kumi ya nishati, kwa hiyo punguzo linaloonekana dogo kwenye karatasi huwa ni kubwa majini.

Ili kukitimiza kikomo hicho, wajenzi wengi hutandaza sakafuni mwa bahari bomba lenye vitundu, kuizunguka nguzo, kisha husukuma hewa ndani yake ili pazia la viputo lipande. Pazia hilo hufanya kazi kwa sababu sauti hurudishwa na kutawanywa inapokutana na mpaka wa maji na hewa. Hata hivyo linahitaji meli yake, kompresa zake na mafuta yake, na mkondo mkali huweza kulipeperusha. Kwa maoni yangu, hiyo ni tiba ya ugonjwa tuliouleta wenyewe.

Afadhali kutogonga. Chukueni gunia la mahindi lililoshonwa, mjaribu kupenyeza fimbo, itagoma. Litikiseni gunia huku mkisukuma, nayo itazama. Mtambo wa kutikisa hufanya hivyo hivyo: huitetemesha nguzo mara 20 hivi kwa sekunde, chembe za mchanga hulegea, msuguano hupungua, na nguzo hushuka kwa uzito wake pamoja na wa mtambo. Mwaka 2022 kampuni ya RWE iliitumia njia hii kwenye shamba la upepo la Kaskasi, Ujerumani, na baadhi ya nguzo zilishushwa hivyo hadi kina kamili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, wameongeza mtikisiko wa kuizungusha nguzo kwenye mhimili wake, wazo ninalolipenda sana, kwa kuwa bomba linalojizungusha halitanuki kwa upana kama linalogongwa. Nayo kampuni ya Ørsted, kwenye mradi wa Gode Wind 3, ilishusha nguzo tatu kwa kulegeza mchanga kwa maji ya presha.

Ugumu wa kutikisa uko kwenye uthibitisho. Idadi ya mapigo ya nyundo humwambia mhandisi kiasi gani udongo unapinga. Mtikisiko hautoi ushahidi huo kwa urahisi, na udongo uliotikiswa huenda usiishike nguzo ubavuni sawasawa na uliogongwa. Ndiyo maana wasanifu wengine bado hudai mapigo machache ya mwisho.

Njia iliyonivutia kuliko zote ni ndoo ya kufyonza. Ni ndoo kubwa ya chuma iliyofunikwa upande wa juu na kuachwa wazi chini, ambayo huwekwa sakafuni ikazama kidogo kwa uzito wake, kisha pampu huyatoa maji yaliyomo. Fanyeni hesabu: ndoo yenye kipenyo cha mita 8 ina eneo la mita za mraba 50 hivi, na tofauti ya presha inayolingana na mita 10 za maji huisukuma chini kwa nguvu ya takriban tani 500, bila pigo hata moja. Aliyewahi kuacha gambuti kwenye tope la kinamasi cha Lubigi anajua kwa nini ndoo hiyo haing'oki kwa urahisi. Huko Aberdeen, Uskoti, mitambo 11 ya mradi uliokamilika mwaka 2018 inasimama juu ya ndoo za namna hii. Lakini mkifyonza kwa pupa kwenye mchanga, maji yanayopanda ndani ya ndoo huuvuruga mchanga kama unaochemka na kuuharibu, na jabali moja likiwa chini ya ukingo, kazi husimama.

Misingi ya zege inayokaa kwa uzito wake tu, kama ile 71 ya Fécamp, Ufaransa, nayo haihitaji kugongwa. Inahitaji sakafu imara iliyosawazishwa na bandari yenye nafasi ya kuijengea.

Pale ziwani, tabaka la juu lilikuwa tope na mfinyanzi laini kwa mita nyingi, na kumbukumbu za uchimbaji zilikuwa zimefungiwa kabatini. Nilizisoma baada ya nguzo ya mwisho kusimama. Kwa hiyo mkipewa mradi, ombeni matokeo ya kipimo cha koni, yaani ncha ya chuma inayosukumwa ardhini kupima udongo unavyopinga, kabla ya kuangalia orodha ya mitambo, mjue mchanga umebanana kiasi gani na majabali yako wapi. Kisha zamisheni maikrofoni ya majini wiki kadhaa kabla ya kazi, mrekodi sauti ya maji yenyewe, mashua na mvua, na mwandike saa, kina na hali ya upepo kando ya kila rekodi.