Kioo cha mlango kinaacha mwanya kwenye gari la kufunguka paa

Mkuu, kama kioo cha mlango kinaacha mwanya na unafikiria kununua mota ya kukipandisha, usinunue kwanza. Kama kioo kinapanda mpaka mwisho ila kinaacha mwanya karibu na turubai la paa, mota ni nzima, kilichohama ni mpangilio. Milango ya magari haya haina fremu juu. Kioo kinashikiliwa na mashine ya kukipandisha na reli za ndani ya mlango tu. Nati moja ikilegea kule chini, juu kidole kinapita.

Anza na kisicho na gharama. Betri ikishatolewa, gari nyingi husahau kioo kinaishia wapi. Kishushe chote, kipandishe, endelea kushikilia swichi sekunde kadhaa.

Ikigoma, toa kava la mlango. Weka alama ya kalamu pale reli ilipokaa, ndipo ulegeze nati, usogeze kidogo kidogo na kufunga mlango polepole kila mara uone kioo kinavyokutana na raba. Kagua pia vile vishikizo vya plastiki vinavyobana kioo: kwenye magari ya mtumba mara nyingi vimepasuka, na hapo kurekebisha nati hakusaidii kitu. Nafanya kazi za milango na vioo hapa Arusha, na vumbi letu likichanganyika na grisi ya zamani linakuwa kama msasa kwenye reli, kwa hiyo futa yote upake mpya.

Ila usikilaze kioo ndani kupita kiasi. Kikigonga turubai wakati mlango unafungwa, kinaweza kupasuka.